Pazia la Usumba, Vifuu na Ndala: Mwongozo wa Kutengeneza na Kusimika Kazi ya Sanaa kwa Vitu vya Pwani

Mwongozo huu unaeleza kazi moja tu ya sanaa ya kusimikwa, nayo ni pazia lenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 3.6, lililoundwa kwa visahani vya vifuu vya nazi na vya ndala zilizookotwa ufukweni, vikashonwa pamoja kwa kamba nyembamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Nimechagua kazi moja badala ya kutaja mawazo mengi kwa sababu atakayeifikisha mwisho atakuwa amekutana na karibu kila tatizo linalowasumbua wasanii wanaotumia vitu vya kawaida na vya asili: upatikanaji wa malighafi, usafishaji, uzito, upepo, wadudu, usafirishaji, na mnunuzi anayetaka kujua kazi itadumu muda gani.

Msimamo ninaousimamia ni kwamba kazi ya namna hii huamuliwa na kiungo, yaani pale kipande kimoja kinaposhikana na kingine. Malighafi huonekana kwanza na ndiyo husifiwa, lakini kiungo ndicho huamua kama pazia litakunjika kama kitambaa au litakakamaa kama ubao, kama litasafirishwa kwa boksi au kwa lori, na kama litabaki zima baada ya mwaka. El Anatsui, msanii wa Ghana aliyefundisha kwa miaka mingi Nsukka nchini Nigeria, alianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba, na mwaka 2023 kazi zake zilitundikwa katika ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, London. Vifuniko hivyo vilikuwa vikitupwa kila mahali. Kilichokuwa kipya ni ile njia ya kuviunga ambayo iliziwezesha kazi kukunjwa, kusafirishwa na kutundikwa upya kwa umbo jingine. Hata hivyo, mtu wa pwani hana haja ya kwenda mbali kujifunza jambo hili. Mtepe, chombo cha Lamu na visiwa vya Bajuni ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba ya usumba bila misumari ya chuma, uliweza kuinama kidogo unapogusa mchanga au mwamba kwa sababu mshono hulegea pale ambapo msumari ungepasua.

Hatua ya kwanza: mahali

Kabla ya kuokota ndala hata moja, nenda mahali ambapo pazia litasimikwa ukiwa na futi kamba, daftari na simu ya kupigia picha. Pima kimo cha dari, upana wa nafasi, na upana wa mlango ambao kazi itapitia. Tazama jua linaingilia upande gani asubuhi na jioni, kwa sababu nusu ya uzuri wa pazia lenye mianya ni kivuli chake ukutani, na kivuli hicho hupatikana tu taa au jua likitoka ubavuni.

Nyumba za kale za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja zina vyumba virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, nao kwa kawaida hauzidi mita 3. Katika chumba cha aina hiyo pazia kamili halitaingia. Lipunguze liwe na upana wa mita 2.4. Boriti hizo za kale zisipewe mzigo mpya kabla ya fundi anayezijua kuzigonga na kuzikagua, kwani mchwa hula ndani na kuacha ganda la nje likionekana zima. Kutoboa ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa katika jengo la urithi kunahitaji kibali, na kwa maoni yangu hata kibali kikipatikana afadhali usitoboe, kwa sababu chokaa ya zamani haishiki boliti ipasavyo. Simamisha fremu inayojitegemea sakafuni.

Hatua ya pili: malighafi

Pazia letu lina miraba 30, mitano kwa upana na sita kwa kimo, na kila mraba una sentimita 60 kwa 60. Ndani ya kila mraba mna visahani 100 vilivyopangwa kumi kwa kumi, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha sentimita 5 na nafasi ya sentimita 1 kati yake na jirani yake. Jumla yake ni visahani 3,000. Ukiamua robo tatu ziwe za ndala na robo moja ya vifuu, utahitaji visahani 2,250 vya ndala na 750 vya vifuu. Soli moja ya mtu mzima hutoa visahani vitano hivi, kwa hiyo okota soli 500 ili zile zilizochanika zisikukwamishe. Nazi moja iliyokomaa nayo hutoa visahani vitano ukikata kwa uangalifu, kwa hiyo tafuta vifuu vya nazi 150 na uongeze vichache vya akiba.

Ndala hazina uhaba. Jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda na kuzinduliwa mwaka 2018, lilivikwa ndala zipatazo 30,000 zilizookotwa, kisha mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi. Wakati mzuri wa kuokota ni maji yakishatoka baada ya bamvua, kwani bahari huwa imekwisha kusukuma taka hadi kwenye mstari wa juu wa ufuko. Vaa glavu nene na viatu, kwa sababu humo humo mna vioo na sindano za hospitali. Chukua ndala, chupa na nyavu zilizokatika, lakini acha makombe, matumbawe na chochote cha kasa mahali pake. Viumbe hivyo vinalindwa na sheria, na ndani ya hifadhi za bahari hata kombe tupu huwezi kuliondoa bila ruhusa. Ukiokota mbele ya kijiji, mwone kwanza kiongozi wa kamati ya ufuko, maana mara nyingi kuna kikundi ambacho tayari hukusanya taka hizo na kuziuza kwa kilo, na haifai kuwapunguzia riziki yao kwa jina la sanaa.

Vifuu hupatikana kwa wakamua tui, kwenye hoteli na kwa wauza kashata. Omba vilivyovunjwa katika vipande viwili vikubwa, si vilivyopondwapondwa, na chagua vya nazi kavu vyenye rangi ya kahawia iliyoiva, kwa kuwa kifuu cha dafu ni laini na hupindika kinapokauka.

Kamba ndiyo inayostahili fedha yako nyingi zaidi. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, wanawake hufukia makumbi ya nazi katika mashimo yaliyo mahali ambapo maji hujaa na kupwa, wakayafunika kwa mchanga na mawe na kuyaacha kwa miezi kadhaa. Huko bakteria hula utomvu unaoshikanisha nyuzi, na makumbi yanapofukuliwa huwa yananuka vikali lakini yamelegea. Hupigwa kwa gongo, hufuliwa katika maji ya bahari, hukaushwa, kisha nyuzi husokotwa kwa viganja. Nyuzi za kila sehemu husokotwa upande mmoja, na sehemu mbili zilizokwisha kusokotwa huzungushwa pamoja upande wa kinyume, ili kila moja inapotaka kujifungua iizuie nyenzake. Usumba una kiasi kikubwa cha lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu wake, ndiyo maana huvumilia maji ya chumvi kuliko katani. Kamba ya mkonge ya Tanga ni imara ikiwa kavu na ni rahisi kupatikana, ila mahali penye unyevu huoza mapema, na kwa kazi hii siipendekezi.

Agiza kamba isiyozidi unene wa milimita 3. Kila kisahani kina viungo viwili vyake mwenyewe, yaani kimoja kwenda kulia na kimoja kwenda chini, na kila kiungo hula sentimita 20 za kamba. Viungo 6,000 hivi vinahitaji mita 1,200. Agiza mita 1,400, utoe agizo miezi mitatu kabla, na ulipe sehemu ya fedha mapema, kwani kusokota kamba nyembamba iliyolingana ni kazi ya polepole na msokotaji hawezi kukukopesha jasho lake. Usimwombe punguzo kwa hoja kwamba unanunua nyingi. Kamba nyembamba ni ngumu zaidi kusokota kuliko nene, na bei ya haki kwa mita inapaswa kuwa juu.

Waya utahitajika kidogo, kwa viungo vya safu za juu. Waya wa kufungia nondo huota kutu pwani katika muda mfupi na kuacha madoa mekundu kwenye usumba, kwa hiyo tumia shaba, ambayo hubadilika kuwa ya kijani pasipo kudhoofika haraka. Naomi Wanjiku Gakunga, Mkenya anayeishi Texas, ameifanya kutu ya mabati kuwa sehemu ya kazi zake, lakini kutu aliyoikusudia msanii ni tofauti na kutu inayokula kiungo kinachobeba mzigo. Nunua mabaki ya nyaya kwa fundi umeme unayemfahamu na udai risiti. Wizi na uharibifu wa miundombinu, ukiwemo wa umeme, ndio ulioifanya Kenya isimamishe biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi michache mwaka 2022. Ondoa ganda la plastiki kwa kisu. Ukiuchoma waya ili upate shaba, moshi wake una sumu ambayo glavu na barakoa ya kitambaa haviizuii.

Hatua ya tatu: kusafisha na kukata

Loweka ndala katika maji baridi yenye sabuni usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha sugua kwa brashi ngumu na suuza kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi ikibaki huvuta unyevu hewani na pazia halitakauka kamwe. Kwangua viumbe vigumu vilivyong'ang'ania soli kwa ubapa wa kisu, lakini si lazima uondoe kila alama: soli iliyotobolewa na miaka ya bahari ina uso ambao hakuna kiwanda kinachoweza kuutengeneza. Anika kivulini. Kata mikanda na uihifadhi, maana itatumika.

Njia ya haraka ya kukata visahani ni kuchukua kipande cha bomba la chuma lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5, ukanoe mdomo wake kwa tupa upande wa nje mpaka uwe na makali, kisha ulaze soli juu ya gogo na kulipiga bomba kwa nyundo nzito. Geuza gogo mara kwa mara ili makali yasiangukie mahali palipokwisha kuchimbika. Usikate kwa chuma cha moto, hata kama ni rahisi na kingo zake hutoka laini, kwa kuwa plastiki inayoungua hutoa moshi unaochoma koo. Vipande vinavyobaki viweke kwenye gunia. Karakana za Nairobi zinazochonga wanyama kwa ndala, Ocean Sole ikiwa maarufu kati yake, zimeonyesha kwamba hata mabaki ya ndala yana kazi.

Vifuu hukatwa kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo au kwa mashine ya kutoboa iliyofungwa kikombe cha kukatia. Valia miwani na barakoa halisi ya vumbi, kwa sababu vumbi la kifuu ni jembamba na hukaa kifuani. Ng'arisha kila kisahani kwa msasa namba 80, kisha 120, na uishie 240 upande wa nje tu. Upande wa ndani uache na nyuzi zake, ili mtazamaji anayepita nyuma ya pazia akute kazi nyingine. Paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa katika mafuta kidogo ya nazi na ufute mara moja. Mafuta ya nazi peke yake huita sisimizi.

Toboa matundu manne ya milimita 4 katika kila kisahani, kila tundu likiwa milimita 6 kutoka ukingoni, na tumia kielelezo cha bati ili matundu ya visahani vyote yalingane. Kifuu hutobolewa polepole kuanzia upande wa nje, kikiwa kimebandikwa utepe wa karatasi pale keekee inapoingilia. Usipofanya hivyo ncha huteleza na kukichubua.

Hatua ya nne: sampuli na hesabu

Shona kipande cha sentimita 30 kwa 30, yaani visahani 25, kwa uwiano ule ule wa ndala na vifuu utakaotumia. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Tuseme kina gramu 225. Kwa kuwa eneo lake ni sehemu ya 0.09 ya mita ya mraba, mita moja ya mraba itakuwa na kilo 2.5, na pazia lote la mita za mraba 10.8 litakuwa na kilo 27. Sasa kilowanishe kwa maji kwa saa nzima, kitikise na ukipime tena, kwa sababu ndala hainywi maji mengi lakini usumba hunywa. Kikifika gramu 300, pazia lililonyeshewa litafika kilo 36, na ukiongeza mti wa juu wenye kilo 20 hivi utapata kilo 56. Kila kamba, ndoano na mahali pa kutundikia lazima paweze kubeba mara tano ya uzito huo, yaani kilo 280. Wako watakaoona mara tano ni woga. Wao hawatasimama chini ya pazia siku ya ufunguzi.

Itundike sampuli hiyo mahali penye jua na upepo kwa wiki kadhaa ukiwa unakusanya malighafi. Itakuonyesha ni kiungo gani kinalegea, ni rangi gani ya ndala inayopauka, na kama kamba yako ilisokotwa vyema.

Tumia sampuli pia kukadiria muda. Mtu aliyezoea hufunga kiungo kimoja kwa dakika tatu. Viungo 6,000 ni saa 300, na watu wanne wanaofanya kazi saa sita kwa siku watachukua siku 13 hivi, bila kuhesabu kukata na kutoboa. Mpe mteja muda huo, uongeze nusu yake.

Hatua ya tano: kushona

Kila mraba hushonwa peke yake juu ya ubao wenye misumari midogo iliyopangwa kila baada ya sentimita 6. Laza visahani 100, ukague mpangilio, kisha anza kona ya juu kushoto. Lowanisha kamba kidogo, ipitishe kutoka nyuma ya kisahani cha kwanza, iingize mbele ya cha pili, irudi kwenye tundu la kwanza, na ifungwe kwa nyuma kwa fundo la mara mbili. Usumba mbichi huteleza kidogo na ukikauka hukaza, hivyo fundo lililofungwa likiwa na unyevu hujishika lenyewe. Acha ncha ya sentimita 2. Ukiikata karibu zaidi, fundo litafunguka siku ya kwanza ya upepo.

Ulegevu ndio siri ya hatua hii, na ndio jambo ambalo mikono mingi huchelewa kulizoea. Kati ya kisahani na kisahani kamba iwe na ulegevu wa milimita 3, si zaidi wala si pungufu sana. Ukikaza, mraba utasimama kama mkeka mpya na hautakunjika. Ukilegeza mno, uzito wa chini utavuta safu za juu na mistari itapinda. Njia nzuri ya kulinganisha watu wanne wenye mikono tofauti ni kuingiza njiti ya ukuti kati ya visahani viwili wakati wa kufunga, kisha kuichomoa. Hata hivyo, usitegemee pazia litoke kama limepigwa rula. Mkono wa kila mshonaji utaonekana, na sioni sababu ya kuuficha.

Usumba hunyumbuka sana kabla ya kukatika. Sifa hiyo ni nzuri kwa pazia linalopigwa na upepo, lakini ni tatizo kwa safu za juu zinazobeba uzito wote. Kwa hiyo safu tatu za juu kabisa ziwe za vifuu vitupu, ambavyo kamba haiwezi kuvipasua kama inavyopasua ndala, na viungo vyake viwe vya waya wa shaba uliozungushwa mara mbili. Safu hizo zitatumia visahani 150 kati ya 750 vya vifuu, kwa hiyo gawa vilivyobaki katika miraba mingine. Katika safu zinazofuata, weka nyuma ya kila tundu la ndala kipande kidogo cha mkanda uliouhifadhi, kilichotobolewa katikati, kifanye kazi ya washa ya boliti. Bila hicho, kamba itakata ndala taratibu hadi tundu lifike ukingoni.

Kila mraba uliokamilika ufungwe kibao chenye namba ya safu na ya nguzo, kama vile 3-B, nyuma ya kona ile ile kila mara. Usiunganishe miraba kabla ya kufika mahali pa kusimika.

Hatua ya sita: mpangilio

Hapa mwongozo hauwezi kukuamulia, ila nitasema ninavyoona. Jaribu la kwanza la kila mtu ni kuchora kwa rangi za ndala samaki, kasa au ramani ya Afrika. Picha hizo hulifanya jicho lisome mara moja na kuondoka, na malighafi inakuwa rangi tu. Ni afadhali zaidi kuzipanga ndala kwa kiwango cha kuchakaa, kutoka zile mpya zenye rangi kali chini, hadi zile zilizopauka na kutobolewa na bahari juu, zikakutana na kahawia ya vifuu. Ukitazama kwa mbali utaona rangi ikififia kwenda juu. Ukisogea utaona alama ya kisigino cha mtu. Weka visahani kadhaa vyenye alama hiyo ya mguu kimo cha macho, kati ya mita 1.4 na 1.6 kutoka sakafuni, na usivisafishe kupita kiasi.

Panga miraba yote 30 sakafuni kwanza, panda ngazi, ipige picha, ishi na picha hiyo usiku mmoja, kisha badilisha unachotaka.

Hatua ya saba: kutundika

Mti wa juu uwe wa mvinje ulioambuliwa gome, wenye unene wa sentimita 9 na urefu wa mita 3.4, au bomba la chuma lisiloota kutu. Mvinje hupandwa na kukatwa kwa wingi kwa ajili ya ujenzi, tofauti na mikoko, ambayo nchini Tanzania iko chini ya hifadhi na haikatwi bila kibali. Mti huo uning'inizwe kwa nyaya za chuma zilizofumwa, katika sehemu nne, kila waya ukishuka wima. Wengi hupenda nyaya mbili zinazokutana juu kwa umbo la paa kwa kuwa ndoano inakuwa moja, lakini waijue gharama yake: waya ukiwa na pembe ya nyuzi 60 kutoka mlalo hubeba zaidi kidogo ya nusu ya mzigo, na pembe ikishuka hadi nyuzi 30, kila waya hubeba mzigo wote kana kwamba mwenzake hayupo. Ukitaka kamba ya usumba ndiyo ionekane, izungushe juu ya waya. Usiipe kazi ya kubeba.

Funga miraba ya safu ya juu kwenye mti ukiwa chini, kwa kimo cha kiuno. Inua mti kidogo, unganisha safu ya pili, inua tena, na kadhalika, ili hakuna mtu anayeshona akiwa juu ya ngazi. Watu wawili wavute, wawili waunge, na mmoja asimame mbali akiangalia tu kama mti uko sawa. Ukingo wa chini ukae sentimita 30 juu ya sakafu, au mita 2.2 ikiwa watu watapita chini yake.

Kazi ikiwa nje, hesabu upepo. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao si wa ajabu wakati wa kusi, husukuma uso uliozibwa wenye ukubwa wa pazia letu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 66, zaidi ya mara mbili ya uzito wa pazia kavu. Mianya kati ya visahani hupunguza nguvu hiyo pasipo kuiondoa. Funga ukingo wa chini kwa kamba zenye ulegevu wa sentimita 20, ili pazia liweze kuvimba kama tanga bila kupiga ukuta, na mwelekeze mlinzi wa jengo namna ya kulishusha iwapo dhoruba inakuja.

Usumba na vifuu hushika moto upesi. Taa za zamani zinazotoa joto zikae mbali, mishumaa isiwepo kabisa, na kizimamoto kiwe mahali kinapoonekana.

Hatua ya nane: lebo, kushusha na kuhifadhi

Lebo itaje vitu kwa ukweli na kwa ukamilifu: ndala zilizookotwa na mahali zilipookotwa, vifuu vya nazi, kamba ya usumba, waya wa shaba, vipimo na mwaka. Waliosokota kamba na walioshona watajwe kwa majina wakiridhia, na kijiji chao pia. Sioni uhalali wa kazi yenye saa 300 za mikono ya watu wanne kubeba jina moja.

Kwa mnunuzi andaa karatasi mbili zenye picha za nyuma na mbele, ramani ya namba za miraba, mfuko wa visahani 50 vya akiba, na mita 100 za kamba. Mweleze wazi kwamba ndala zitaendelea kupauka juani na kwamba kamba zitahitaji kubadilishwa hapa na pale. Kazi ikienda nje ya nchi, sehemu za mimea huhitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho huko Tanzania Bara hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na nchini Kenya na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Anza kuulizia mapema, kwa kuwa shehena isiyo nacho inaweza kuzuiwa au kuharibiwa bandarini.

Kabla ya kufunga, ua wadudu. Mwenye friji kubwa ya kugandisha aweke miraba ndani ya mifuko iliyofungwa, kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Asiye nayo atumie mifuko myeusi juani kwa siku kadhaa za kiangazi, akiigeuza mchana ili joto lifike katikati, kisha auache mraba upoe na kukauka kabla ya kuukunja. Kunja kila mraba mara mbili ukiweka karatasi katikati, uweke miraba mitano katika kila boksi, na usiyafunge maboksi kwa plastiki, maana unyevu ukinaswa ndani hutoa ukungu. Masika yakipita, yafungue, kunjua miraba yote kivulini kwa siku nzima, kagua viungo vya safu tatu za juu kimoja kimoja, badilisha kamba iliyolegea, na uikunje tena kwa mistari tofauti na ile ya mwaka uliopita.